Kufundisha Utafutaji wa Hitilafu: Mfano wa Swichi ya Mnyanyuo katika Mashine ya Kupandia

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, wanachuo wengi wafikapo kwenye mada ya mzunguko wa umeme hufundisha namna ya kuwasha taa. Huleta betri mbili za tochi, kipande cha waya na balbu. Taa huwaka, darasa hushangilia, na somo huhesabiwa kuwa limefaulu. Ni wachache mno wanaothubutu kufundisha jambo la pili, ambalo kwa maoni yetu ndilo lenye uzito zaidi: mwanafunzi afanye nini taa isipowaka? Tumeketi nyuma ya madarasa mengi na kuona jinsi swali hilo linavyojibiwa. Mwalimu huzinyang'anya mikono ya watoto zile waya, huzigeuza huku na huku, hubadilisha betri, hubadilisha balbu, na taa ikiwaka hakuna awezaye kusema ni kwa sababu gani.

Katika makala haya tunakusudia kueleza namna ya kufundisha utafutaji wa hitilafu kwa utaratibu, tukitumia kifaa kimoja cha kilimo ambacho kilitupa sisi wenyewe somo tusilolisahau. Kifaa hicho ni swichi ya mnyanyuo katika mashine ya kupandia kwa mistari, ambayo mafundi huiita planta.

Mashine yenyewe

Planta hukokotwa na trekta na kupanda mistari kadhaa kwa mara moja. Katika majimbo ya Iowa na Illinois huko Marekani planta za mistari 16 au 24 si ajabu. Katika mashamba makubwa ya mahindi ya Afrika Mashariki aghalabu huonekana zilizo ndogo zaidi. Kila mstari una sanduku lake la mbegu, sahani yenye matundu inayochukua mbegu mojamoja, na bomba linaloidondosha mbegu ardhini. Tukichukua nafasi ya sentimita 75 baina ya mistari na sentimita 30 baina ya mashimo, hekta moja hupata mashimo 44,444. Wanafunzi wa madarasa ya juu waweza kuihakiki hesabu hiyo wenyewe, nayo ni hesabu nzuri ya kuanzia somo.

Dereva afikapo mwisho wa shamba huiinua planta kwa nguvu ya mafuta ya haidroliki, hugeuza trekta, kisha huishusha tena. Ikiwa juu haipasi kudondosha mbegu; ikiwa chini hapana budi idondoshe. Katika mashine za zamani kazi hii hufanywa na gurudumu na mnyororo tu: gurudumu likiacha kugusa ardhi mnyororo husimama, na mbegu husimama nao. Hapo hapahitajiwi waya wowote. Lakini katika mashine ambazo sahani za mbegu huzungushwa na mota, lazima pawepo mjumbe wa kuiarifu mota kama mashine iko juu au iko chini. Mjumbe huyo ndiye swichi ya mnyanyuo.

Swichi hii hufungwa mahali ambapo sehemu moja ya fremu husogea karibu na nyingine mashine inaposhuka. Nyingine zina mkono mdogo unaobonyezwa na chuma. Nyingine hazina mkono, bali hufunga njia ya umeme sumaku inapozikaribia kwa milimita chache. Umeme hutoka kwenye betri ya trekta yenye volti 12, hupita katika fyuzi, hufika kwenye soketi iliyo nyuma ya trekta, hufuata waya uliolala juu ya mkono wa kukokotea, huvuka kiungo kinachokunjika, huingia katika swichi, kisha hurudi kwa waya wa pili hadi kwenye kisanduku kilicho mbele ya dereva. Kisanduku hicho huitwa monita. Jina hilo halitawatatiza walimu, kwani lafanana na la kiranja wa darasa, na kazi zao ni moja: kutazama walio kazini na kupiga kelele mmoja wao anapozembea.

Basi mjumbe huyu akisema uongo, uongo wake ni wa namna mbili. Akisema "iko chini" wakati mashine iko juu, mbegu humwagika kwenye kona za kugeuzia na kipimo cha eneo lililopandwa huongezeka bure. Akisema "iko juu" wakati mashine iko chini, trekta huenda, vumbi huruka, na hapana mbegu hata moja inayoingia ardhini. Planta ya mistari 4 ikienda meta 500 katika hali hiyo huacha bila kupandwa mashimo yapatayo 6,667. Udongo hufunikwa kama kawaida, na mwenye shamba hatajua mpaka siku ambayo mahindi ya jirani yameota na yake hayakuota.

Kosa letu

Karibu na chuo chetu palikuwa na shamba kubwa la mahindi ambalo lilituruhusu kuwapeleka wanachuo kujifunza. Mwaka mmoja tulifika huko mvua zikiwa zimekwisha kunyesha mara mbili, tukakuta planta imesimama. Kila iliposhushwa, monita ilionyesha kwamba iko juu, na mota hazikugeuka. Msimamizi alituomba tutazame, kwa kuwa alifahamu tunafundisha umeme. Tulifurahi mno kuombwa.

Tuliitazama swichi, tukaona ina kutu na matope, tukatangaza mbele ya wanachuo kwamba swichi imekufa. Tulilitangaza jambo hilo kwa sauti ya darasani, ambayo kila mwalimu anaijua, ile sauti isiyotazamia kuulizwa. Swichi mpya ikaagizwa mjini. Ilichukua siku mbili kufika, na katika siku hizo mbili ardhi, ambayo ilikuwa na unyevu wa kutosha, ilipigwa na jua. Swichi mpya ilipofungwa, planta ikashushwa, na monita ikaonyesha kwamba iko juu.

Tuliendelea kuduwaa hapo hadi mwanachuo mmoja, msichana asiyekuwa na mazoea ya kusema sana, alipouliza: "Samahani mkufunzi, tulijuaje kwamba ni swichi?"

Hatukuwa na jibu. Hatukuwa tumepima kitu. Tulikuwa tumeona kutu, na kutu ilitutosha. Tulimpa mita ya volti, tukamwomba aendelee yeye. Alimwomba dereva aiinue planta, afunge vizuizi vya usalama kwenye silinda, azime injini na kuuacha ufunguo kwenye nafasi ya kuruhusu umeme. Akapima katika waya unaoingia kwenye swichi: umeme upo. Kisha planta ikashushwa, akapima mahali palepale: umeme haupo. Akapima kwenye soketi ya nyuma ya trekta: upo. Hitilafu ilikuwa kati ya sehemu hizo mbili, na tena ilitokea mashine iliposhuka tu, yaani waya uliponyooshwa. Akapitisha vidole juu ya waya penye kiungo kinachokunjika. Ganda la plastiki lilikuwa zima, halina hata mchubuko, lakini katika sehemu moja lilibonyea kama jani la kitunguu. Nyuzi za shaba ndani yake zilikuwa zimekatika kwa kukunjwa na kukunjuliwa misimu mingi. Planta ilipoinuliwa ncha zake ziligusana, iliposhushwa ziliachana. Kuunga waya ule kulichukua muda usiofika nusu saa.

Msimamizi hakutulaumu kwa maneno. Alitulipia chai wote, jambo ambalo lilitukera zaidi kuliko lawama.

Utaratibu wa kutafuta

Tulipoketi baadaye kuitathmini siku ile, tuliona kwamba kipimo kimoja cha dakika moja kingetuepusha na aibu yote. Ni kipimo cha daraja. Swichi ya waya mbili haina kazi nyingine ila kuunganisha na kutenganisha. Ukizichomoa waya zake mbili na kuziunganisha kwa kipande kifupi cha waya, umefanya kazi ya swichi wewe mwenyewe. Monita ikibadilika na kuonyesha kwamba mashine iko chini, basi njia yote ni nzima, na kasoro iko katika swichi au katika namna ilivyofungwa. Huenda sumaku imesogea tu. Monita isipobadilika, swichi haina hatia, na haifai kununuliwa nyingine.

Yafaa tuongeze tahadhari mbili hapa. Kwanza, baadhi ya mashine zimepangwa kinyume: swichi hufungua njia mashine inaposhuka. Katika hizo daraja halitoi habari mpya. Huchomolewa waya badala ya kuungwa. Kwa hiyo kabla ya kupima lolote hapana budi kujua hali iliyo sahihi ni ipi, na kitabu cha mashine ndicho chenye jibu. Pili, swichi zenye waya tatu zina sehemu za elektroniki ndani. Waya mmoja huleta umeme, mwingine huurudisha kwenye bodi, na wa tatu huchukua habari. Atakayeweka daraja kwa kubahatisha huenda akauunganisha waya wa umeme na bodi moja kwa moja, na fyuzi itaungua kabla hajauondoa mkono.

Ikiisha kujulikana kwamba swichi ni nzima, imebaki njia ndefu yenye vituo vingi. Hapa ndipo wengi huanzia mwanzo na kupima kituo kwa kituo, au huanzia popote penye matope. Njia iliyo bora ni kuigawa njia katikati. Pima katikati: kama umeme umefika hapo, nusu ya kwanza ni nzima na hitilafu iko mbele; kama haukufika, hitilafu iko nyuma. Nusu iliyobaki igawe tena. Njia yenye vipande 8 huhitaji vipimo 3 tu, na yenye vipande 16 huhitaji 4. Bila shaka fundi mwenye busara hataligawa jambo kwa hesabu tupu. Fyuzi huonekana kwa jicho na soketi hutikiswa kwa mkono, basi na vitazamwe kwanza, kwa kuwa havigharimu kitu. Vilevile utaratibu huu hudhani kwamba hitilafu ni moja. Zikiwa mbili, baada ya kutengeneza ya kwanza itabidi kuanza upya.

Kuna jambo jingine ambalo wanachuo hulikosea mara nyingi. Mita ya volti huhitaji umeme kidogo sana. Waya ulioshikwa na uzi mmoja tu wa shaba, au soketi iliyoliwa na kutu ya kijani, yaweza kupitisha umeme huo kidogo, na mita ikaonyesha volti 12 kamili pasipo kazi yoyote kufanyika. Mara tu mzigo unapowekwa, volti huanguka. Kwa hiyo pima mzigo ukiwa unafanya kazi. Mafundi wa gari hutumia taa ya kupimia kwa sababu hiyohiyo, maana taa haidanganyiki kwa uzi mmoja. Lakini katika nyaya za monita taa hiyo isitumike ovyo, kwani sehemu za elektroniki huenda zisistahimili mkondo inaoutaka.

Kulileta somo darasani

Tunajua kwamba shule nyingi za msingi ziko mbali na planta yoyote, na kwamba wanafunzi wengi wameona mbegu zikipandwa kwa jembe la mkono na kisigino cha kufukia. Hilo si kikwazo. Kinachotakiwa si mashine bali sifa zake mbili: swichi inayotoa habari ya hali mbili, na waya unaovuka mahali panapokunjika. Sifa hizo twaweza kuziunda kwa mbao.

Chukua vipande viwili vya ubao, kila kimoja chenye urefu kama wa daftari. Viunganishe kwa kipande cha mpira wa baiskeli kilichogongwa misumari, kiwe bawaba. Ubao wa kwanza ni trekta. Ufungie betri mbili za tochi za volti 1.5 kila moja, na balbu ya tochi ambayo ndiyo monita. Ubao wa pili ni planta. Ufungie vipande viwili vya bati la kopo vilivyokaribiana bila kugusana, hivyo ndivyo swichi. Kijiti kilichosimamishwa chini ya bati mojawapo kitalisukuma ligusane na lenzake ubao wa pili unaposhushwa mezani. Waya mbili zivuke bawaba. Ubao ukishuka taa huwaka. Ukiinuka taa huzimika. Katika kila waya acha sehemu tatu au nne zilizochunwa ganda, ili wanafunzi wapate mahali pa kupimia. Kwa kupimia tumia balbu ya pili yenye waya mbili.

Andaa mbao nne au tano, na katika kila mmoja ficha hitilafu moja. Mmoja uwe na waya uliokatwa ndani ya ganda: kunja waya mwembamba mahali pamoja mara nyingi mpaka shaba ikatike, ganda likibaki zima. Mwingine uwe na bati lililopakwa rangi ya kucha mahali pa kugusana. Wa tatu uwe na kijiti kifupi kisichofika. Usiweke balbu iliyoungua katika kipindi cha kwanza. Watoto wakiigundua hiyo, katika kila kipindi kitakachofuata watakimbilia balbu.

Kabla ya kugusa mbao, ucheze na darasa mchezo wa namba. Waambie umeficha namba baina ya 1 na 16, nao waitafute kwa maswali ya ndiyo na siyo. Wa kwanza watauliza, "Ni 7? Ni 12?" Waache wachoke. Kisha uliza kama yupo awezaye kuipata kwa maswali manne bila kukosa. Kwa kawaida yupo mtoto atakayeuliza kama imezidi 8. Asipojitokeza, usimtaje jibu. Chora namba zote ubaoni na ufute moja moja kadiri wanavyouliza, mpaka waone wenyewe uchache wa kile kinachofutwa. Dakika kumi zilizotumika hapa hazijapotea, hata kama kipindi ni cha dakika 40.

Ndipo wagawanye kwa makundi ya watu watano. Sharti ni moja: hakuna atakayegusa kitu kabla kundi halijasema linatazamia kuona nini. Waandike katika safu tatu: tulidhani nini, tulipima wapi, tuliona nini. Sharti hili ndilo gumu kuliko yote, na mwalimu ndiye wa kwanza kulivunja. Atasimama juu ya kundi lililokwama, vidole vitamwasha, naye atasema, "Hebu tazameni hapo kwenye bawaba." Neno hilo moja humaliza somo la kundi zima. Akihitaji kusema, na aulize: "Mmejuaje?" Sisi tulilipata swali hilo kwa bei ya siku mbili za mvua.

Katika kutoa alama, soma safu tatu kabla ya kuitazama taa. Wapo watakaotikisa ubao mpaka taa iwake, kisha washangilie. Waombe waushushe na kuuinua ubao mara kumi. Aghalabu taa itazimika katika mara ya tatu au ya nne, na hapo hapana haja ya mwalimu kuongeza neno, kwa maana hitilafu iliyojiondokea yenyewe hurudi yenyewe. Kundi ambalo halikuwasha taa lakini lina karatasi inayoonyesha kwa usahihi kwamba kasoro iko baina ya kituo cha pili na cha tatu limejifunza zaidi, na lipewe alama zaidi, hata kama watoto wengine watanung'unika.

Kuhusu usalama, hatutaki kuacha shaka. Darasani zitumike betri za tochi peke yake. Umeme wa nyumbani, ambao kwetu ni wa volti 230, usiguswe kwa somo hili kamwe. Betri ya gari nayo isiletwe: volti zake ni chache, lakini ikiunganishwa vibaya hutoa mkondo mkubwa unaoweza kuuchoma waya na mkono, ina asidi, na hutoa gesi inayoweza kulipuka. Ikitokea fursa ya kuwapeleka wanafunzi kuitazama planta halisi, wasimame mbali na sehemu zinazozunguka, na asipite mtu chini ya mashine iliyoinuliwa hata kama dereva asema breki za haidroliki ni nzuri. Mafuta yakivuja, chuma chote hushuka bila kupiga hodi.

Kile kipande cha waya kilichokatwa siku ile tulikiomba kwa msimamizi, nasi tunacho hadi leo katika kabati ya maabara. Kina urefu wa kiganja. Kila mwaka tunapoanza mada hii tunakizungusha darasani bila kueleza neno, na kuwataka wanachuo waandike kama ni kizima au kibovu, na wameyajuaje hayo. Walio wengi hukitazama, wakaandika kwamba ni kizima, na kukipitisha kwa mwenzao.